Kupanda Mlima Kilimanjaro kwa Makundi Wakati wa Mvua na Baridi: Mambo ya Msingi ya Kuzingatia

Kila unapokaribia mwezi Desemba, wafanyakazi wenza, wanafunzi waliosoma pamoja, majirani na marafiki hujipanga katika makundi kupanda Mlima Kilimanjaro, wakikusudia kufika kilele cha Uhuru wakati wa maadhimisho ya 9 Desemba. Desturi hiyo ina mizizi katika historia ya Taifa. Tanganyika ilipopata Uhuru 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya nchi mpya na Mwenge wa Uhuru juu ya kilele hicho chenye urefu wa mita 5,895.

Hata hivyo, tarehe hiyo huangukia ndani ya msimu wa vuli, wakati ambapo mvua, ukungu, radi na theluji huweza kuukumba mlima kwa siku kadhaa mfululizo. Makundi mengine hupanda kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, ambapo mvua hupungua lakini baridi ya usiku huwa kali zaidi. Makala haya yanaeleza namna hali ya hewa ya mlima inavyofanya kazi, hatari zinazotokana nayo, na makubaliano ambayo kundi linapaswa kuyafikia kabla ya kuvuka lango la hifadhi.

Majira ya mlima

Mlima Kilimanjaro uko takribani nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, hivyo hauna majira manne ya mwaka kama yanayojulikana Ulaya. Huku, mpandaji hausubiri mwezi wa baridi. Huifuata baridi kwa miguu. Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Usiku ambao mji wa Moshi, ulio kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, una nyuzi 20, kileleni panaweza kuwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo ukivuma mwili huhisi baridi kubwa zaidi ya hiyo.

Mvua nayo haigawanyiki sawasawa. Mvua nyingi zaidi hainyeshi kileleni bali katika msitu wa miteremko ya kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hadi 2,500 hivi, ambako kiasi cha mwaka huzidi milimita 2,000. Kadiri mtu anavyopanda kupita ukanda wa vichaka na nyasi hadi jangwa la mawe lililo juu ya mita 4,000, mvua hupungua na baadaye kugeuka kuwa theluji. Upande wa kaskazini, inakopita njia ya Rongai, hupata mvua kidogo zaidi kwa sababu mlima wenyewe huzuia unyevu unaoletwa na upepo wa kutoka baharini.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa anayepitia Marangu, Machame au Umbwe. Mpandaji hulowana siku ya kwanza, msituni, akiwa bado anatoka jasho na haoni hatari yoyote. Siku mbili au tatu baadaye, nguo, viatu na mfuko wa kulalia vilivyoloa msituni vinamkuta kwenye mwinuko ambako hakuna jua la kutosha kuvikausha. Ndiyo sababu waongozaji wazoefu husisitiza kwamba mapambano dhidi ya baridi ya Kibo huanza msituni.

Maji na upepo

Maji hupitisha joto kwa kasi ya takribani mara 25 kuliko hewa. Mtu aliyevaa nguo kavu hulindwa na hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi za nguo. Nguo ikiloa, hewa hiyo hutolewa na maji, na joto la mwili huanza kupotea. Upepo ukiongezeka, mtu anaweza kupata madhara makubwa hata kama joto la hewa halijafika sifuri. Kwa sababu hiyo, siku ya mvua na upepo kwenye mwinuko wa mita 3,500 inaweza kuwa ya hatari kuliko usiku mkavu wa kileleni.

Kushuka kwa joto la mwili chini ya nyuzi 35 ni dharura ya kiafya. Dalili za awali ni kutetemeka, vidole kufa ganzi na kushindwa kufunga zipu au kamba za viatu. Dalili zinazofuata ni kujikwaa, kuongea kwa kukokota maneno, kukaa kimya na kutojali. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka ilhali bado yuko kwenye baridi, hiyo si nafuu; ni ishara kwamba mwili umeanza kushindwa.

Huduma ya kwanza ni kumtoa mgonjwa kwenye upepo, kumvua nguo zilizoloa, kumvisha kavu, kumfunika kichwa na kumweka juu ya godoro au mizigo ili asiguse ardhi. Akiwa na fahamu kamili apewe kinywaji cha moto chenye sukari na chakula. Asipewe pombe, kwa kuwa pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kuongeza upotevu wa joto. Asisuguliwe mikono wala miguu. Aliyezidiwa abebwe kwa utulivu.

Aidha, jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa kwa nia ya kupata joto. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotokana na moto haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Maradhi ya mwinuko

Kileleni Uhuru, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unahitaji muda. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kukosa usingizi ni dalili za maradhi ya mwinuko. Yakipuuzwa, yanaweza kufikia hatua mbili zinazoua: maji kujaa kwenye mapafu, ambapo mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa amekaa na hukohoa makohozi yenye povu; na ubongo kuvimba, ambapo huchanganyikiwa na kushindwa kutembea sawasawa.

Kanuni inayotumika katika tiba ya milimani ni kwamba juu ya mita 3,000 mtu asiongeze mwinuko wa mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Njia ya Marangu ina vituo vya Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo mita 4,720. Kila usiku ni mita 1,000 zaidi ya uliotangulia. Hapo ndipo umuhimu wa kulala Horombo usiku wa pili unapoonekana. Siku hiyo ya ziada, kundi hupanda hadi mita 4,000 hivi kuelekea Mawenzi, kisha hurejea kulala chini.

Hali mbaya ya hewa huharibu mpango huo kwa njia isiyoonekana kwa urahisi. Kundi lililokaa kwenye banda la baridi huku mvua ikinyesha nje huona siku ya kuzoea mwinuko ni siku iliyopotea, na hushawishika kuifuta ili safari iishe mapema. Wengine hupunguza kunywa maji ili wasilazimike kutoka nje usiku, na wengine huacha kula. Wapandaji wanashauriwa kutofupisha siku za safari kwa sababu ya mvua. Ikiwa mvua haivumiliki, uamuzi sahihi ni kushuka, si kupanda haraka zaidi.

Ni vyema pia kutambua kwamba dalili za kushuka kwa joto la mwili, za ubongo kuvimba na za uchovu uliopitiliza hufanana: mtu hujikwaa, huongea ovyo na hupenda kukaa chini. Kipimo rahisi ni kumtaka atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, asiendelee kupanda. Katika hali zote tatu hatua ni kumtia joto na kumshusha. Kushuka mita 300 hadi 1,000 mara nyingi huleta nafuu ya haraka katika maradhi ya mwinuko, na hakuna dawa inayochukua nafasi ya kushuka. Wenye maradhi ya moyo, mapafu, shinikizo la damu au selimundu, pamoja na wajawazito, wanapaswa kumwona daktari kabla ya kupanga safari. Vivyo hivyo kwa wanaokusudia kutumia dawa za kuzuia maradhi ya mwinuko.

Nguvu na udhaifu wa kundi la marafiki

Kupanda na marafiki kuna manufaa yanayojulikana. Wenzako hukutia moyo, hukubebea mzigo, na ndio wa kwanza kutambua kwamba leo huongei kama kawaida yako. Lakini urafiki huohuo huweza kuwa mtego. Anayeumwa kichwa hunyamaza ili asiwaharibie wenzake safari waliyoichangia fedha kwa miezi kadhaa. Mwenye nguvu hutangulia, mchovu hubaki nyuma, na katika ukungu wanapoteana. Kundi zima hudhani kwamba kila mmoja yuko tayari kuendelea, kumbe kila mmoja anasubiri mwingine aseme turudi.

Kwa sababu hiyo, makubaliano yafuatayo yafikiwe mbele ya kiongozi wa msafara kabla ya kuondoka nyumbani, wakati kila mmoja bado ana akili tulivu:

1. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye wa mwisho. Neno "pole pole", linalosikika njia nzima ya Kilimanjaro, ni kanuni ya usalama: mwendo wa taratibu hupunguza jasho linalolowesha nguo na mahitaji ya oksijeni.

2. Kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia. Asubuhi na jioni waulizane kuhusu kichwa, chakula, usingizi na hali ya vidole, na majibu yapelekwe kwa mwongozaji bila kufichwa.

3. Anayerudi harudi peke yake. Kundi lihakikishe kabla ya safari kwamba kuna waongozaji wasaidizi wa kutosha, ili mgonjwa ashushwe na mtu mwenye ujuzi bila kuwaacha wengine wasio na mwongozaji.

4. Saa ya kugeuka ipangwe mapema. Ikifika, kundi hugeuka popote lilipo, hata kama kilele kinaonekana.

5. Uamuzi wa kiongozi wa msafara kuhusu hali ya hewa na afya haupigiwi kura.

6. Gharama ya anayerudi isiwe deni wala aibu. Kundi likubaliane mapema kwamba mchango hautadaiwa na aliyeishia njiani hatadhihakiwa. Mtu asiyeogopa lawama husema mapema kwamba anaumwa.

Vifaa muhimu

Mavazi ya mlimani huvaliwa kwa tabaka. Tabaka la ndani ni nguo nyepesi ya sufu au ya nyuzi za kiwandani inayotoa jasho nje. La kati ni sweta au koti zito linalotunza joto. La nje ni koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Fulana za pamba na suruali za jinzi hazifai, kwa kuwa hunywa maji mengi na huchelewa kukauka. Mwamvuli husaidia msituni, lakini hauna kazi kwenye upepo wa juu.

Seti moja ya nguo za kulalia, soksi, kofia ya sufu na glavu ihifadhiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na isiguswe mchana, hata kama nyingine zote zimeloa. Ikumbukwe kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, hivyo wapandaji wanunue au wakodi mifuko maalumu ya kukinga maji. Vifaa vingine muhimu ni viatu imara vilivyokwisha kuzoeleka mguuni, fimbo za kutembelea, taa ya kichwani yenye betri za akiba, miwani ya jua, chupa ya chai, na mfuko wa kulalia unaohimili baridi ya chini ya sifuri. Vifaa vya kukodi vikaguliwe siku moja kabla ya safari, hasa zipu za makoti na mishono ya hema.

Usiku wa kuelekea kileleni

Makundi mengi huondoka Kibo, au kambi ya Barafu kwa njia za kusini, karibu na saa sita usiku. Zipo sababu za kufanya hivyo. Usiku, changarawe ya mteremko huwa imeganda na hukanyagika vizuri zaidi; asubuhi anga mara nyingi huwa wazi; na kuanzia adhuhuri mawingu huweza kupanda na kuufunika mlima. Anayechelewa kufika kileleni hukutana na mawingu hayo akiwa bado juu na nguvu zimemwishia. Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, pale miguu inapochoka na umakini kupungua.

Kwa hiyo saa ya kugeuka izingatie muda wa kurudi, si muda wa kufika pekee. Kundi linaweza kukubaliana, kwa mfano, kwamba ifikapo saa tatu asubuhi kila mmoja anaanza kushuka. Theluji nzito, ukungu unaoficha njia au upepo unaomyumbisha mtu ni sababu za kutosha kuahirisha kuondoka au kugeuka kabla ya saa hiyo.

Radi inaposikika, sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni sawa na kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu na hatari ipo tayari. Kundi liondoke kwenye migongo ya mlima na sehemu zilizoinuka, lisijikinge chini ya mti au mwamba uliosimama peke yake, fimbo za chuma ziwekwe mbali, na watu waachane kwa mita kadhaa wakiwa wamechuchumaa. Vijito vilivyojaa visivukwe kwa haraka. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache mvua ikikatika. Vilevile, barafu inayoyeyuka na kuganda hulegeza mawe. Januari 2006 maporomoko ya mawe katika njia ya magharibi mwa Kibo yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ya namna hiyo haifai kwa kundi la wapandaji wapya, hasa katika hali mbaya ya hewa.

Wapagazi nao ni sehemu ya kundi

Nyuma ya kila kundi kuna wapagazi wanaobeba mahema, chakula na mizigo. Baridi haimbagui mwenyeji: mpagazi aliyezaliwa chini ya mlima huu naye hushukiwa na joto la mwili akiloa. Hifadhi imeweka ukomo wa kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa langoni. Kabla ya kulipia safari, kundi liulize kama wapagazi watakuwa na makoti ya mvua, viatu, mahali pakavu pa kulala na milo ya kutosha. Mzigo uliojaa vitu visivyo vya lazima humchelewesha mpagazi mvuani, na hema likichelewa kufika, kundi zima hubaki nje.

Taarifa, mawasiliano na uokoaji

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa msimu pamoja na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Viongozi wa makundi wafuatilie taarifa hizo kuanzia wiki moja kabla ya safari hadi siku ya kuondoka, wakikumbuka kwamba utabiri wa mkoa hauelezi kila kinachotokea kwenye mwinuko wa mita 4,000. Mlimani, taarifa za walinzi wa hifadhi na za makundi yanayoshuka zina uzito mkubwa.

Kupanda Kilimanjaro kunahitaji kibali cha hifadhi na mwongozaji aliyesajiliwa. Kila mpandaji hujiandikisha langoni na katika vituo vya kulala. Uandikishaji huo usichukuliwe kuwa ni utaratibu wa karatasi tu: daftari ndilo linaloonesha nani alipita, lini na alikuwa anaelekea wapi, pale anapotafutwa.

Mwaka 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha huduma ya intaneti mlimani, hatua ya kwanza ikiwa Horombo. Huduma hiyo hurahisisha kuomba msaada, lakini baridi humaliza betri haraka, hivyo simu itunzwe ndani ya koti, karibu na mwili. Makundi pia yasitegemee helikopta. Mawingu mazito na upepo huizuia kuruka, na siku ya hali mbaya ya hewa, ambayo ndiyo siku ya dharura nyingi, mgonjwa anaweza kulazimika kushushwa na watu kwa machela kwa saa nyingi. Kila saa ya kuchelewa kusema "naumwa" huongeza umbali wa kubebwa. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba bima ya safari inagharamia uokoaji mlimani.

Hitimisho

Misingi hii inatumika pia kwa wanaopanda Mlima Meru wenye mita 4,566, Mlima Kenya wenye mita 5,199 na Rwenzori yenye mita 5,109. Mahali kote huko, hali ya hewa haitii ratiba ya maadhimisho wala ya likizo.

Makundi yanayojiandaa kupanda yanakumbushwa kukamilisha vibali mapema, kukagua vifaa, kufuatilia taarifa za TMA na kuzingatia maelekezo ya waongozaji na walinzi wa hifadhi. Zaidi ya yote, kila kundi lipange saa ya kugeuka kabla ya kuondoka na kuiheshimu itakapofika. Kilele kitakuwepo mwakani. Safari imefanikiwa pale ambapo idadi ya walioandikwa langoni wakati wa kupanda inalingana na ya wanaotoka wakati wa kushuka.